Hatua Thelathini na Nne Kutoka Majini

Ajenti alinitumia picha kumi na tisa kwa WhatsApp saa nne usiku, halafu ujumbe wa sauti: "Dada, nataka maneno ya kuuza. Si ya kueleza, ya kuuza. Ukimaliza kesho nakutumia elfu nne."

Elfu nne ni zaidi ya nusu ya kodi ya keja yangu pale Manyatta. Nilimwambia sawa kabla sijafungua hata picha moja.

Hii kazi naijua. Baada ya kuacha chuo, niliishi miaka miwili kwa kuandika matangazo ya nyumba za Marekani. Kulikuwa na jamaa mwenye akaunti mtandaoni, ananitumia picha za nyumba ya California, namrudishia maneno mia mbili na hamsini, ananipa dola sita na yeye anabaki na sijui ngapi. Nikajua mambo ya ajabu. Nikamjua Joseph Eichler, aliyejenga nyumba zaidi ya 10,000 kule California kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, nyumba za paa lililolala na kuta za kioo, za watu wa kawaida wenye kazi ya kawaida. Nikajua pia kwamba hata jina la mtindo wenyewe ni la juzi. Lilienea baada ya Cara Greenberg kukiita kitabu chake cha samani Mid-Century Modern mwaka 1984. Wale waliokuwa wakijenga miaka ya hamsini hawakujua wako katikati ya kitu chochote, walikuwa wanajenga nyumba tu. Kisha kompyuta zikajifunza kuandika matangazo bure, na jamaa yangu akanyamaza.

Kwa hivyo nilipofungua picha za ajenti nilidhani amekosea, amenitumia kazi ya zamani. Paa lililolala. Varanda ndefu. Ukuta wa matofali yenye matundu. Lakini nyuma ya ile varanda kulikuwa na gugu maji, na nyuma ya gugu maji Ghuba ya Winam. Nyumba iko hapa Kisumu, upande wa kwenda Dunga. Nimepita kwenye geti lake labda mara elfu moja nikiwa na sare ya shule.

Asubuhi nilipanda boda nikaenda kuiona. Ajenti hakuona haja ("Si umeona picha?"), lakini nilikuwa nimechoka kuandika nyumba ambazo sijakanyaga.

Ilijengwa mwaka 1958, na wafanyabiashara Wahindi waliokuwa na duka la vitambaa mjini. Aliyeichora alijua yuko wapi, hilo nitamsifu hata kama jina lake halipo kwenye karatasi yoyote niliyoonyeshwa. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, jua linakupiga utosini, na msaada pekee tulio nao ni ule upepo wa mchana unaotoka ziwani kuja nchi kavu. Nyumba nzima imepangwa kuusubiri huo upepo. Ni nyembamba, chumba kimoja tu upana wake, ili upepo ukiingia mbele utokee nyuma. Paa limetoka nje ya ukuta zaidi ya mita moja, jua la saa nane halifiki dirishani. Yale matofali ya matundu, ambayo sisi tunaona ni urembo, ni mapua ya nyumba. Chini kuna sakafu ya terazo, ambayo ukivua viatu unajua mara moja kwa nini walichagua terazo. Milango ni ya mvule na bado inafunga bila kusukumwa na bega.

Halafu kuna ukarabati. Mwenyewe wa sasa ametumia pesa, haifichiki. Jikoni kuna ile meza kubwa ya katikati yenye jiwe jeusi juu. Bafuni kuna bomba la mvua pana kama sufuria ya ugali wa matanga. Lakini dirisha za vioo vya kukunja zimetolewa, vikawekwa vioo vizima visivyofunguka, na dari ya mbao imefunikwa kwa jipsamu nyeupe yenye taa za buluu. Nusu ya matundu ya ukuta yamezibwa kwa saruji ili mbu na vumbi visiingie. Kwa hivyo sasa nyumba iliyojengwa ipumue inahitaji mashine nne za kupoza hewa. Saa nane na nusu upepo ulifika kama kawaida yake. Nikausikia unagonga kile kioo kwa nje, mimi nikiwa ndani natoka jasho kwa sababu stima ilikuwa imepotea.

Bei ni milioni arobaini na nane. Lizi ni ya miaka 99 kutoka 1958, kwa hivyo anayenunua leo ananunua thelathini na kitu. Hiyo pia ajenti alisema tusiwasumbue nayo watu mapema.

Anayetunza boma ni mzee mmoja aliyekuwa hapo kabla ya wenye nyumba watatu waliopita. Nilimsalimia kwa Kijaluo, akaniuliza mimi ni wa kwa nani, nikamwambia. Akatulia kidogo. "Wale wa mama wa samaki pale Dunga?" Ndiyo, mzee. "Basi njoo, nyathina. Hawa wengine hawaulizi."

Alinipeleka nyuma, kwenye SQ anayolala. Ukarabati haukufika huko. Mlango wa mabati, ukuta wa chokaa ya zamani, na kwenye ukuta, juu kidogo ya goti langu, mstari wa kahawia ulionyooka kama umepigwa kwa rula.

"Mei, 2020," akasema.

Sikuhitaji kuambiwa. Mwaka huo mvua haikukatika, na mwezi Mei ziwa lilifika juu kuliko kipimo chochote kilichowahi kuandikwa, likapita kidogo hata rekodi ya 1964. Dani alikuwa akituambia sisi wajukuu habari za mafuriko ya Uhuru, ya 1961, na jinsi ziwa lilivyoendelea kupanda mpaka 1964, zaidi ya mita mbili, tukadhani ni hadithi za wazee. Nyumba yetu Dunga ilikuwa ya udongo na mabati, hatua kama mia moja kutoka ufuoni. Wiki ya kwanza tuliweka mawe chini ya miguu ya vitanda. Wiki ya tatu mama alikuwa anaoshea vyombo mlangoni bila kwenda popote, na akacheka kuhusu hilo, aki mama yangu. Wiki ya tano ukuta wa jikoni ulilala chini usiku, taratibu, bila kelele. Tukahamia vyumba viwili Nyalenda. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa ajili ya Korona, na kilipofunguliwa pesa ya muhula wangu ilikuwa imelipa kodi, magodoro mapya na mabati. Nilikuwa mwaka wa tatu. Niliambiwa nitarudi Januari. Sijui ni Januari gani.

Mzee aliniambia kwamba nyumba kubwa haikuingiwa. Maji yalipanda ngazi ya kwanza ya varanda, yakapanda ya pili, yakasimama. Bustani yote ilikuwa ziwa na asubuhi moja alikuta kiboko amelala pale ambapo sasa kuna viti vya kuotea jua. Yeye mwenyewe alilala kwenye varanda miezi miwili.

Kabla ya kuondoka nilihesabu hatua kutoka varanda hadi majini. Thelathini na nne.

Tangazo niliandika usiku huo na nitakuwa mkweli, lilikuwa zuri. Niliandika habari ya upepo, ya terazo, ya mvule. Niliandika "hatua thelathini na nne kutoka majini". Halafu nikaongeza sentensi moja: kwamba Mei 2020 ziwa lilifika ngazi ya pili ya varanda na nyumba ikabaki kavu. Nilijishawishi kwamba hata hiyo ni sifa. Nyumba iliyovumilia, si ndiyo?

Ajenti alipiga simu. Hakuwa mkali, alicheka. "Dada, wewe unaandika tangazo ama tanzia? Maji hayakuingia nyumbani. Sasa unataka nimwambie mtu kuhusu kitu ambacho hakikufanyika?" Nikamwambia kilifanyika kwa SQ. "Nani ananunua SQ?"

Akaifuta. Dakika tano baadaye elfu nne ikaingia kwa simu. Nikalipa kodi. Ningependa kusema niliirudisha.

Alipenda maneno yangu kiasi kwamba aliniita Jumamosi mbili baadaye nimsaidie kuonyesha nyumba, "uongee vile umeandika." Alikuja mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, amefanya kazi ya uuguzi Uingereza miaka mingi, anataka kurudi nyumbani. Alivua viatu bila kuambiwa, akasimama kwenye ile terazo kwa muda mrefu na nyayo zake tupu, amefumba macho. Ajenti alitoka nje kupokea simu. Yule mama akafumbua macho, akaangalia ziwa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama anayeuliza kuhusu ugonjwa wa mtu: "Msichana wangu, ile 2020 nilikuwa naona kwa TV huko. Hapa yalifika wapi?"

Nilimwangalia ajenti kupitia kile kioo kisichofunguka. Alikuwa ametupa mgongo.

"Vaa viatu, mama," nikamwambia. "Nyuma kuna matope."

Tulikaa kwa mzee kama robo saa. Alimwonyesha mstari, akamwonyesha ngazi, akamweleza kuhusu kiboko. Mama yule aliweka kiganja chake juu ya mstari, akauliza maswali ya maana: yalikaa siku ngapi, choo kilifanyaje, kisima kilipona lini. Hakuonyesha kukasirika. Alimshukuru mzee kwa mikono miwili, akamwambia ajenti atampigia.

Sijui kama alipiga. Mimi ajenti hajanipigia tena.

Nyumba bado inauzwa. Wiki jana nililifungua tangazo, nikajikuta nasoma maneno yangu kama ya mtu mwingine: upepo, mvule, hatua thelathini na nne. Bei wameshusha milioni mbili. Na wameongeza picha, sasa ni ishirini. Ya mwisho ni ya SQ. Imepakwa rangi nyeupe, mpaka chini.