Na watoto chini ya ardhi, Mangapwani

Jumapili iliyopita tulitoka Mji Mkongwe mapema na watoto, tukapanda daladala kuelekea kaskazini. Tulipopita Bububu niliwaambia kwamba mwaka 1905 huku kulikuwa na treni kutoka mjini. Hawakuniamini.

Mangapwani iko kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini. Wengi huja kwa ajili ya ufukwe. Sisi tulifuata chumba cha watumwa.

Usitarajie jengo kubwa. Ni chumba kilichochongwa kwenye mwamba wa matumbawe, na ukisimama mbali kidogo hukioni. Ndiyo ilikuwa shabaha. Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la Mkunazini likafungwa. Biashara haikufa siku hiyo. Watu walifichwa humu wakisubiri usiku na jahazi. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Unguja na Pemba hadi 1897.

Tulishuka ngazi. Ndani kuna joto na harufu ya unyevu. Mwanangu wa miaka sita alikaa dakika moja akataka kutoka, nikamtoa. Usimlazimishe mtoto. Dada yake wa miaka kumi na mmoja alibaki akipapasa ukuta. Kisha akauliza:

"Mama, wazee wetu walikuwa humu ndani, au ndio waliokuwa na ufunguo?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya tarehe, si hilo. Visiwani kwetu damu zimechanganyika, na kwenye nyumba nyingi habari hii haiguswi. Mama yangu ukimuuliza hukumbuka ghafla kuwa ana chungu jikoni. Nikamwambia ukweli: "Sijui, mwanangu. Huenda wote wawili."

Alinyamaza mpaka tukatoka nje.

Si mbali na hapo kuna pango la asili lenye maji baridi chini yake. Wenyeji husimulia kuwa liligunduliwa na mtoto mtumwa aliyekuwa akimtafuta mbuzi wake. Mdogo alichangamka hapo, akamtafuta huyo mbuzi kwa tochi ya simu. Ngazi zinateleza, kwa hiyo wavalisheni viatu vya kufunga, si kandambili kama tulivyofanya sisi.

Jioni mkubwa aliniomba simu ampigie bibi yake Makunduchi. Akaenda nayo barazani, wakazungumza mpaka salio likaisha.