Andivi Tuliyoipanda Haikuwa Andivi Waliyoitaka



Tangu mwezi uliopita, kila anayepita kwenye kijia cha nyuma ya parseli yetu anasimama penye uzio na kuuliza: "Wamama, hizo ni saladi gani mmezifunga vichwa kama wagonjwa?" Kwenye mkutano wa Alhamisi swali lilikuwa lile lile. Basi tumeona heri tuandike mara moja kuliko kuendelea kumjibu kila mtu peke yake. Tutaandika pia yale ambayo hatukuyasema pale kwenye uzio, kwa maana mboga hii ilitugombanisha.

Sisi ni wamama 9. Tunalima pamoja kipande cha udongo nyuma ya nyumba ya mmoja wetu, hapa Bukavu, upande wa Kadutu. Mnaijua Bukavu yetu: mahali pa kuweka mguu sawasawa ni pachache, na mvua ikinyesha kwa nguvu udongo wako unashuka kwa jirani wa chini bila kuaga. Kwa hiyo matuta yetu tumeyalaza kukata mtelemko, na kwenye kingo tumepanda majani ya kushika udongo. Tulikuwa na lengalenga, vitunguu, puwaro na sombe kidogo. Zilitosha kwa sufuria, na zilizobaki tuliuza.

Mwezi wa 8, mmoja wetu anayefua nguo katika nyumba moja kule karibu na ziwa alirudi na habari. Mpishi wa nyumba ile alimwambia kwamba mabosi wake wanatafuta andivi kila wiki na hawazipati, na kwamba mtu akizileta, watalipa vizuri kuliko lengalenga mara nyingi. Tulihesabu usiku ule ule. Wamama wakianza kuhesabu pesa ambazo hazijaingia, hata taa haizimwi.

Tukatoa dola 25 katika likelemba kwa ajili ya mbegu, mifuko ya samadi na miti ya uzio. Zamu ya mwezi ule ilikuwa ya mwenzetu ambaye mtoto wake mkubwa yuko sekondari. Alikubali kungoja mpaka mwezi wa kwanza. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari bado ina minervali yake, na minervali haingoji mboga iive. Mwenzetu alilijua jambo hilo, na sisi tulilijua. Alisema tu: "Nawaamini."

Muuza mbegu alitupatia pakiti mbili. Moja ilikuwa na picha ya majani yaliyojikunja kama nywele, imeandikwa kwa Kifaransa shikore ya kujikunja; nyingine ilikuwa na majani mapana, imeandikwa skaroli. Tulimwuliza: "Hii ndiyo andivi?" Akasema ndiyo, zote ni andivi. Hakutudanganya, na mtaona ni kwa nini.

Kupanda kwa mara ya kwanza kulituaibisha. Mbegu za shikore ni ndogo sana, rangi ya kijivu, nyepesi hivi kwamba ukipiga chafya umepoteza nusu ya tuta. Sisi tulizifukia kama maharagwe, vidole viwili ndani ya udongo, kisha mvua ya mwezi wa 9 ikapiga juu na kuufunga udongo kama sakafu. Tulingoja siku 15. Yalitoka majani ya porini tu.

Bahati, mama mzee wa kikundi alikuwa ameficha nusu ya kila pakiti. Hatukumwuliza ni kwa nini. Wamama wazee hawamwagi mbegu zote siku moja.

Mara ya pili tulitengeneza kitalu kidogo, upana wa mkeka. Tuliponda udongo kwa mikono mpaka ukawa laini, tukachanganya samadi ya sungura iliyokwisha kuoza kabisa, tukakwaruza mistari myembamba. Mbegu tulizifunika kwa udongo mwembamba, nusu ya sentimita hivi, wala si zaidi. Juu tulisimamisha kidari cha majani ya migomba ili matone makubwa yasizifukue. Maji tulinyunyiza kwa kopo la mafuta tulilolitoboa kwa msumari. Baada ya siku 6 tuliona nyuzi za kijani. Mmoja wetu alipiga vigelegele, na jirani akatoka akidhani kuna mtoto amezaliwa.

Miche ilipokuwa na majani manne au matano, karibu mwezi mmoja, tuliihamisha jioni na kuipa kila mmoja nafasi ya sentimita 30 pande zote. Nafasi hiyo iliwaumiza wengine wetu, maana tumezoea lengalenga inayosongamana. Lakini shikore inalala na kujitandaza. Ukiibana, majani ya katikati yanaoza. Mizizi yake haiendi mbali chini, kwa hiyo udongo ukikauka siku mbili tatu inaona kiu mara moja. Na shikore iliyoona kiu inalipiza kisasi kwa njia mbili: inakuwa chungu kuliko kwinini, au inasimamisha shina na kutaka kuzaa maua kabla hujaila. Hali ya hewa ya huku kwetu juu inaipendeza, kwa sababu joto kali ndilo adui yake. Adui mwingine ni wale konokono wasio na nyumba mgongoni. Tuliwaokota asubuhi na mapema, na kila mche tuliuzungushia majivu makavu. Mvua ikiyalowesha majivu, kazi inaanza upya.

Mwanzoni mwa mwezi wa kwanza tulikuwa na vichwa 64. Tulichagua 12 vilivyo vizuri zaidi, tukavipanga kwenye beseni, tukavifunika kwa kitambaa safi. Wawili wetu waliteremka kwenda kwenye ile nyumba ya ziwani. Mpishi alifunua kitambaa, akanyamaza. Kisha akasema: "Mama, poleni sana. Hii si yenyewe."

Mabosi wake walitaka kile kitu cheupe kilichofungamana kama ngumi ya mtoto, ambacho Wabelgiji wanakiita shikoni na Wafaransa wanakiita andivi. Yeye mpishi alikuwa amejifunza jina la Wafaransa. Muuza mbegu naye alitaja jina la mmea mwingine, ule wa kijani, ambao nao ni andivi halali. Waflamanda wanauita jina linalofanana na hilo hilo. Mimea hii miwili ni ndugu wa ukoo mmoja, lakini haikai nyumba moja. Shikoni inataka kazi mara mbili: kwanza unalima mizizi shambani, kisha unaing'oa, unakata majani, unaisimamisha gizani ili itoe chipukizi jeupe. Hatukuwa na mizizi ile, wala hatukujua kwamba kuna giza linalolimwa.

Walirudi na beseni lao kichwani. Kutoka ziwani mpaka kwetu ni kupanda tu.

Jioni ile hatutaisahau. Mwenzetu wa likelemba hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Sasa nimwambie nini mtoto?" Mmoja akasema kosa ni la aliyeleta habari. Huyo akajibu kwamba wote tulihesabu pesa pamoja. Mwingine akasema tungebaki na lengalenga zetu, mboga ambayo hata mtoto wa miaka mitano anajua jina lake. Wawili waliondoka bila kuaga. Wiki iliyofuata, kijana alirudishwa nyumbani kwa sababu ya minervali. Alikaa siku 10 bila kusoma, na kila asubuhi alipita kando ya matuta yetu kwenda kuchota maji. Hakusema neno. Ingekuwa afadhali angesema.

Ni mama mzee aliyeanza tena. Siku moja tulimkuta peke yake bustanini, anakusanya majani ya kichwa kimoja na kuyafunga kwa kamba ya mgomba, kama mtu anayefunga kilemba. Alitwambia kwamba mama yake alikuwa akipika kwa masista Waflamanda, zamani, na kwamba mboga hii anaikumbuka. Haiuzwi ikiwa ya kijani hivyo, alisema. Unaificha jua kwanza.

Mambo ni haya, kwa wale waliouliza kuhusu vilemba. Jani lisilopata mwanga linapoteza ukijani wake, na uchungu mwingi unaondoka nao. Unafunga kichwa kilichokwisha kukua, siku 10 hadi 14, moyo unakuwa wa manjano meupe na laini. Sharti ni moja: funga wakati majani ni makavu kabisa. Kuna 7 tulivyofunga asubuhi baada ya mvua, na tulipofungua tulikuta uji wenye harufu. Vingine tulivifunika kwa vyungu vya zamani, na hivyo vilitoka vizuri. Usifunge bustani yote siku moja, kwa maana kikisha kuwa cheupe kichwa hakikai siku nyingi.

Kisha akatuonyesha namna ya kula. Unachemsha viazi vya kizungu, unaviponda vikiwa na moto, unatia mafuta au maziwa ukiwa nayo, na chumvi. Shikore unaikata nyembamba kama sombe ya wageni na kuitia mbichi ndani ya viazi, unageuza mara mbili, unaondoa jikoni. Moto wa viazi unailegeza tu. Tulikula na sambaza za kukaanga. Watoto wadogo walitema mara ya kwanza, tusidanganyane. Lakini viazi vikiwa vingi na shikore kidogo, walikula, na mara ya tatu hawakuuliza. Majani ya nje, yale ya kijani na machungu, tunayachemsha, tunamwaga maji, tunayapika na karanga zilizotwangwa. Wanaume wanaipenda hiyo zaidi. Hatujui wanatafuta nini kwenye uchungu.

Tukisema mbichi, tunasema hivi pia: hapa kwetu kipindupindu si hadithi. Jani lililojikunja linaficha udongo katika kila kona. Tunaachanisha majani yote, tunayaosha kwa maji safi mara tatu, na ya mwisho ni maji yaliyotiwa dawa ya klorini kwa kipimo chake. Na bustani hatuimwagilii maji ya mfereji wa barabarani, hata siku za kiangazi, hata kama bidoni ni nzito na mgongo unauma.

Vichwa vilivyobaki tuliviuza kidogo kidogo, vingine kwa mama mmoja mwenye mgahawa anayetengeneza saladi, vingine kwa majirani baada ya kuwaonjesha. Dola 25 hazikurudi zote. Zilirudi 17. Tulikaa, wote 9, hata wale wawili waliokuwa wameondoka, tukaamua kwamba zamu mbili za likelemba zinazofuata zitakwenda kwa mwenzetu, na aliyekuwa na zamu ya mwezi wa pili akasema haina shida. Ilikuwa na shida, mtoto wake alikuwa mgonjwa. Kijana alirudi shuleni. Somo la hesabu bado anakimbizana nalo.

Msimu huu shikore ina matuta mawili tu, lengalenga imerudishiwa mahali pake. Na kabla ya kununua mbegu nyingine kwa ajili ya mtu fulani, tumekubaliana kwamba huyo mtu atuonyeshe kwa kidole kile anachotaka kula.

Kuna miche mitatu hatukuifunga wala kuivuna. Imesimama kwa urefu wa kifua, ina maua ya bluu yanayofunguka asubuhi na kujifunga jua likichoma. Tunangoja yakauke ili tupate mbegu zetu wenyewe. Mbuzi wa jirani ameshaiona, na kijana wa sekondari ndiye aliyejitolea kuizungushia miiba.