Begi la zamu ya mbuzi

Mbuzi wa kikundi chetu hapa Lobule wanalala katika zizi moja, na kila usiku watu watatu wanakaa zamu. Anayetusumbua sana ni mbweha, hasa wakati mbuzi wamezaa. Mzee mmoja wa kijiji cha jirani anasema hata fisi yupo. Mimi sijamwona, nimesikia sauti tu, na sauti ya usiku kila mtu anaipa jina analotaka. Kwa kuku ni fungo na kanu. Halafu kuna mbwa wasio na mwenyewe, ambao mimi nawaogopa kuliko wote, maana wao hawakimbii wakiona mtu.

Kwa zamu hiyo mtu anahitaji begi. Watu wanacheka nikianza habari hii, wanasema chukua kiroba uende. Lakini wale wanaocheka ni wale ambao zamu yao haijafika.

Niseme mapema kwamba uwindaji wetu hauna kuua. Sheria ya wanyamapori ya Uganda, ile ya 2019, inakataza kuwinda bila kibali, na mkimbizi akikutwa na ngozi ya mnyama nyumbani hatapata mtu wa kumsemea. Sisi tunamfuata mnyama kwa tochi na kelele mpaka avuke mashamba, basi. Kijana mmoja wa zamu aliwahi kuniuliza, "Anko, kwa nini tusiweke dawa ya wadudu kwa nyama, tulale?" Nikamwambia habari ya Hamukungu, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, ambako mwezi wa nne 2018 simba 11 walikufa kwa sumu, na 8 kati yao walikuwa watoto. Sumu haichagui. Hapa kwetu ingeanza na mbwa wa jirani, na watoto wetu wanaookota kila kitu. Kwa hiyo dawa haiingii katika begi hili, hata chupa yake tupu.

Sasa vinavyoingia. Tochi mbili, moja ya mkononi na moja ya akiba. Filimbi. Kamba ya mita kama tano. Kitenge kikuukuu. Koti la mvua. Simu, kama ina chaji. Maji lita 2 katika chupa za soda, na kipande cha sabuni.

Maji na sabuni ndivyo watu wanavyobisha. Wanasema, mtu anaenda kufukuza mbweha ama kuoga? Ni kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Mbwa au mbweha akikuuma, kidonda kinaoshwa hapo hapo kwa sabuni na maji mengi, dakika 15 kamili, ndipo unakimbilia kituo cha afya kuchomwa sindano. Ugonjwa ukishaanza kuonyesha dalili, karibu kila mtu anakufa. Kutoka zizini mpaka bombani kwetu ni mwendo, na usiku foleni ya majerikani haipo lakini giza lipo. Ndiyo sababu tunabeba kilo mbili za maji hata kama mgongo unalia. Kitenge nacho ni kwa nyoka: mtu akiumwa mguu, unaufunga na fimbo ili usitikisike, humkati wala humkazi kamba, unambeba.

Basi nilikwenda Arua kutafuta begi la kubeba hayo yote. Koboko mabegi yapo, lakini Arua unachagua. Kuna mabegi ya shule, mapya, yenye picha za katuni. Kuna ya mitumba yaliyotoka Ulaya, mazito, yana mikanda mingi ambayo sijui ilikuwa ya kufungia nini. Kuna magunia yaliyoshonwa kuwa mifuko. Muuzaji alinitazama nikipiga magoti kwenye vumbi, nafumba macho, natoa tochi na kuirudisha, natoa na kuirudisha. Akaniambia, "Mzee, unanunua ama unaomba?"

Lakini begi la usiku linajaribiwa hivyo. Unaweka vitu vyako ndani, unafumba macho, unahesabu mpaka tatu. Kama tochi haijafika mkononi, hilo begi ni la mchana. Yale ya mgongoni karibu yote yalishindwa hapo, kwa sababu lazima ulivue kwanza, na mkono mwingine una fimbo. Zipu ndiyo mbaya kabisa. Vumbi letu la kiangazi linaikaba, na ikifunguka inalia zziii, mnyama anajua uko wapi kabla wewe hujajua yeye yuko wapi. Turubai la nailoni linafaa kwa mvua lakini linakwaruza kila unapopiga hatua. Na begi lililowahi kubeba samaki usilichukue hata kwa bure. Nililipata moja zuri, imara, bei ya chini, nikaliweka puani nikalirudisha. Ukivaa hilo, mbwa wote wa Lobule watakusindikiza.

Lilikuwepo moja ambalo lingeshinda yote. La kitambaa kigumu, mkanda mpana, mfuko mdogo wa mbele unaofunguka kwa mkono mmoja, 25,000 tu. Tatizo ni rangi yake. Ilikuwa ile ya majani yenye madoa, ya jeshi. Mwenzangu akasema chukua, ni kitambaa tu. Hapana, si kitambaa tu. Uganda raia hana ruhusa ya kuvaa wala kumiliki vitu vya jeshi. Tena sisi tuko Koboko. Ukifika Salia Musala unaonyeshwa nchi tatu, Uganda, Kongo na Sudani Kusini, bila kugeuza mwili wote. Wanaume watatu wanatembea usiku karibu na mpaka, wana mapanga, mmoja ana begi la askari, wanazungumza Kiswahili cha Ituri. Nani atangoja kuuliza habari ya mbuzi? Wengi wetu tulikimbia watu waliovaa rangi hiyo, wa serikali na wasio wa serikali. Wanawake wa kikundi wakiiona mlangoni usiku hawatafungua.

Nikarudi na suruali mbili za jinzi za mitumba, za bluu nzito, na mkanda wa begi lililochanika. Fundi cherehani mmoja Koboko alinishonea siku moja. Jinzi haipigi kelele, haichaniki kwa miiba, na mifuko yake imekwisha kushonwa na kiwanda, wewe unaipanga tu. Mmoja wa tochi, mmoja wa filimbi, mkubwa wa chupa. Linavaliwa upande, mkanda unapita kifuani, na kuna kamba ya kulifunga kiunoni, kwa sababu begi la upande ukikimbia linakupiga nyonga mpaka ulie. Mfuniko hauna zipu wala kifungo, unaangukia tu kwa uzito wa kijiti kilichoshonwa ndani. Kwa mvua nililipaka mshumaa, nikalipitisha juu ya jiko lenye makaa ili nta iingie. Mvua kubwa bado inapita, lakini manyunyu hayapiti. Mgongoni fundi aliweka kipande cha ile fulana ya boda inayong'aa. Mwenzako akimulika anakuona wewe ni mtu, hakutupii fimbo. Hata askari wa doria akimulika anaona.

Ninyi mnaoandika miradi ya mbuzi, nina ombi dogo. Mbuzi mnaleta, chanjo mnaleta, mafunzo mnaleta, na chakula cha mafunzo ni kizuri. Wekeni na usiku katika bajeti. Kuna mvulana wa Kimasai wa Kitengela, Kenya, anaitwa Richard Turere, aliyeona kwamba simba wanaogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, taa za tochi zilizoharibika na kile kidude cha pikipiki kinachowasha na kuzima taa za kukata kona, akaziweka kuzunguka zizi la baba yake. Alikuwa mtoto. Taa kama hizo zingepunguza zamu zetu, na mpaka zije, tochi na begi la jinzi si gharama ya kuitisha mkutano.

Nyumbani ndipo begi lilipata shida. Nilikuwa nalitundika mlangoni, limejaa, ili nikiitwa nishike niende. Usiku wa kwanza mama watoto alilitazama tu. Wa pili akaniuliza, "Baba watoto, hii begi iko mlangoni ya nini? Tunaenda wapi tena?" Nikamwambia iko ya mbuzi. Akasema, "Najua iko ya mbuzi. Mtoto hajui." Kumbe yule wetu wa miaka 8 aliamka alfajiri kwenda kukojoa, akaona begi limejaa mlangoni, akarudi ndani kimya akavaa viatu. Mama yake alimkuta amekaa juu ya mkeka na viatu vyake, anangoja.

Sisi tulitoka Kongo na begi moja lililokuwa mlangoni.

Nilimweleza yule mzee wa kijiji cha jirani, mwenyeji, ambaye shamba lake linapakana na zizi. Hakushangaa. Watu wa Koboko na Arua walikimbia 1979 na miaka iliyofuata, wakaingia Kongo na Sudani, na yeye alikuwa mmoja wao. Aliniambia, "Mimi nilikaa huko kwenu miaka. Niliporudi, mke wangu alikataa hata gunia la mahindi kuegemea mlango. Mpaka leo gunia liko nyuma." Akanionyesha, kweli liko nyuma.

Kwa hiyo begi sasa linalala jikoni, kibanda cha nje, limetundikwa likiwa tupu. Chupa ziko kwa mama watoto, yeye ndiye anayebadilisha maji, na yule mtoto ndiye anayepanga vitu jioni, saa kumi na mbili, kabla giza halijaingia: tochi hapa, filimbi hapa. Ananiuliza kila kimoja ni cha nini, namjibu. Karatasi zetu za ukimbizi na kadi ya chakula haviingii humo hata siku moja, ingawa wenzangu wawili wa zamu wanaziweka katika yao na wanasema mimi najifanya mwenyeji. Zangu ziko ndani ya sanduku.

Sabuni tu ndiyo bado inatupa taabu. Inapotea kila wiki, na jikoni kwetu vyombo vinang'aa. Nimeitoboa katikati, nimeifunga kwa uzi ndani ya mfuko wa jinzi.