Historia ya Marehemu, Akiwa Hai

Kufika Herrnhut kutoka Dresden kunahitaji subira. Unapanda treni inayoelekea Görlitz, unashuka Löbau, halafu unangoja basi, kwa sababu treni za abiria ziliacha kupita Herrnhut tangu 1998. Nilikwenda Jumamosi moja ya Machi, baridi bado iko kwenye mifupa. Ndani ya basi tulikuwa watano pamoja na dereva.

Wanafunzi wenzangu wa Kijerumani wakisikia jina Herrnhut hukumbuka nyota za karatasi zinazotundikwa madirishani wakati wa Krismasi. Lakini ukilitaja jina hilo Tukuyu, nyumbani kwetu, wazee wanajiweka vizuri kwenye kiti. Mimi nimelelewa katika Kanisa la Moravian. Tangu nikiwa shule ya Jumapili nimesikia kwamba wamishonari waliofika Rungwe mwaka 1891 walitumwa kutoka huko. Bibi yangu, aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita, hutamka Herrnhut kama mtu anavyotaja kijiji cha ukweni: kwa heshima, na kwa mashaka kidogo. Nilipopata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Dresden hakuniuliza habari za chuo. Aliniuliza, "Ni mbali na Herrnhut?"

Mji wenyewe ni mdogo. Ukihesabu na vijiji vyake, wakazi ni kama elfu sita. Ulianza tarehe 17 Juni 1722, seremala Christian David alipokata mti wa kwanza kwa ajili ya nyumba ya wakimbizi wa dini kutoka Moravia, eneo ambalo leo liko Jamhuri ya Czech. Ardhi ilikuwa ya kabaila kijana, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Miaka kumi baadaye, 1732, mfinyanzi Leonhard Dober na seremala David Nitschmann walitoka hapa kwenda kisiwa cha St. Thomas, Karibi, kuwahubiria watumwa. Kutoka mfinyanzi na seremala hadi Rungwe imepita miaka 159, na leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Mjini Herrnhut unaweza kutembea nusu saa bila kukutana na mtu.

Kanisa liko katikati ya mji. Kwa nje ni refu na jeupe. Ndani hakuna madhabahu, hakuna mimbari, hakuna sanamu wala picha. Kuna mabenchi meupe na meza. Jengo la kwanza lilijengwa katika miaka ya 1750, likaungua Mei 1945, siku za mwisho za vita, na likajengwa upya wakati wa serikali ya kikomunisti ambayo haikuwa na haja kubwa na makanisa. Nilikaa benchi la nyuma nikajaribu kuhisi kitu kikubwa. Nilichohisi ni baridi ya miguu.

Mama mmoja mzee aliyekuwa akipanga vitabu vya nyimbo alinifuata, akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Tanzania, Rungwe, alinishika mkono kwa mikono yake miwili na hakuuachia. Alinionesha upande waliokuwa wakikaa wanaume na upande wa wanawake. Akanieleza kuhusu kofia nyeupe walizovaa wanawake zamani, zenye utepe uliokuwa na rangi kulingana na hali ya mtu: mwekundu kwa wasichana wadogo, wa waridi kwa wasioolewa, wa bluu kwa walioolewa, mweupe kwa wajane. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Alisema, "Historia ya maisha yangu iko kwenye droo. Naiongeza kidogo kila mwaka."

Nilidhani sijamwelewa, Kijerumani changu bado kinachechemea. Akarudia taratibu. Kwao, tangu karne ya 18, ni desturi mtu kuandika historia ya maisha yake mwenyewe, kwa kauli yake, "mimi nilizaliwa, mimi niliogopa, mimi niliamini". Akifariki, familia huongeza tu siku zake za mwisho, na maandishi hayo husomwa mazishini. Maelfu ya historia hizo zimetunzwa katika nyumba ya kumbukumbu ya kanisa hapo hapo Herrnhut, za wanaume na za wanawake, za wachungaji na za wapishi.

Sisi pia tunasoma historia ya marehemu. Umeisikia na wewe, sijui mara ngapi, jua likiwa utosini na maturubai yakipigwa na upepo. Marehemu alizaliwa mwaka fulani. Alipata elimu ya msingi mahali fulani. Alifunga ndoa. Alibahatika kupata watoto kadhaa. Halafu inafika ile sehemu ndefu kuliko zote: marehemu alianza kuugua, akapelekwa hospitali hii, akahamishiwa ile, hali ikabadilika usiku. Mwanamke aliyeishi miaka themanini anapewa mistari minne ya uzima na ukurasa mzima wa ugonjwa. Huandikwa usiku wa msiba, na kijana mwenye mwandiko mzuri, huku akiulizia tarehe kwa watu wanaolia.

Bibi yangu alikuwa ametoka hospitali wiki mbili kabla ya safari ile. Moyo. Nilijua kijana mwenye mwandiko mzuri angekuwa mimi, na kwamba ningeandikia Dresden, kwa sababu tiketi ya ghafla ya ndege siiwezi.

Nilitoka kanisani nikapanda Hutberg, kilima kilicho nyuma ya mji. Kina mita 371. Kwa mtu aliyekua akiutazama Mlima Rungwe, kile ni kichuguu, lakini juu yake kuna mnara mdogo, na ukisimama pale unaiona milima ya upande wa Zittau, karibu na mipaka ya Poland na Czech. Chini ya mnara, kwenye mteremko, ndipo yalipo makaburi. Wanayaita shamba la Mungu. Yamekuwepo tangu 1730. Mawe yote yamelala chini, yote karibu sawa kwa ukubwa, yamepangwa kwa kufuata mtu alivyofariki. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, hata kama walikuwa mume na mke. Njia ya katikati tu ndiyo yenye makaburi makubwa yaliyoinuka, ya Zinzendorf na familia yake.

Nilimpigia Bibi kwa video kupitia simu ya mama mdogo.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda. Hapo ni wapi?"

"Herrnhut, Bibi. Makaburini."

Akanyamaza. Nikageuza kamera nikamwonesha polepole.

"Mbona yote yamelala?" akauliza.

"Ndiyo desturi yao. Hakuna wa kumzidi mwenzake."

"Na hayo makubwa?"

"Ya mwenye shamba."

"Aha," alisema. "Mwenye shamba yupo kila mahali."

Tulicheka mpaka akakohoa. Nilipoona anapumua vizuri nikamweleza kuhusu yule mama na droo yake. Nikamwambia ningependa aniambie maisha yake, mimi niandike, kwa maneno yake. Kabla hajajibu, mama mdogo alichukua simu. "Acha uchuro," alisema kwa sauti ya chini. "Mtu ametoka hospitali juzi, wewe unamwandikia historia?" Simu ikakatika.

Sikumlaumu. Kwetu, kumwandikia mzee historia yake ni kama kumpimia jeneza. Hata mimi, nikiwa nimesimama katikati ya watu waliofanya hivyo kwa karne tatu, maneno yalikuwa yamenitoka kwa woga.

Alasiri nilitembea hadi Berthelsdorf, kijiji cha jirani, lenye kanisa ambamo tarehe 13 Agosti 1727 wakimbizi wale waliokuwa wakigombana walishiriki meza ya Bwana na kupatana. Tunaikumbuka siku hiyo Rungwe pia. Niliporudi mjini nilipitia karakana ya nyota. Nyota ya kawaida ina ncha 25, kumi na saba za pande nne na nane za pembetatu, na hutengenezwa kwa mkono. Nilinunua moja ndogo ya njano kwa ajili ya Bibi, euro zinazotosha chakula changu cha siku tatu.

Siku nne baadaye, saa kumi na moja alfajiri, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka namba ya mama mdogo. Wa dakika sita. Nilijua ni habari gani, nikakaa kitandani kwanza kabla ya kuufungua.

Ilikuwa sauti ya Bibi. "Andika," alisema, bila salamu. "Andika kwamba nilikuwa najua kuogelea."

Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyelijua jambo hilo. Alikuwa akiogelea kwenye Mto Kiwira na wasichana wenzake wawili, aliwataja kwa majina, hadi alipochumbiwa na kuambiwa si adabu. Alieleza maji yalivyokuwa baridi na mahali walipoficha nguo. Mwishoni nilimsikia mama mdogo nyuma yake akiuliza, "Mama, kumbe?"

Sasa nina ujumbe kumi na moja. Nauandika wote kila Jumapili usiku. Bibi hafuati mpangilio wowote: tumeshafika kwenye harusi yake, mwaka wa njaa, na ugomvi wa kwaya kuhusu sauti ya pili, ila bado hajazaliwa. Wiki iliyopita mama mdogo ndiye aliyetuma mwenyewe ujumbe wa kukumbusha kwamba nimesahau jina la mwalimu wa kwaya.

Bibi ametoa sharti moja. Habari za hospitali zisizidi mstari mmoja.