Chupa Kumi na Nne

Machi 2025 baba alinipa shilingi 15,000 taslimu, zimekunjwa ndani ya risiti ya sacco, akaniambia ninunue waini ya koito ya dada yangu. Yeye mwenyewe hanywi na hajawahi kunywa. Lakini wakwe walikuwa wanatoka Nakuru, watu wa mjini, na mama alikuwa amesikia kwamba meza yao haikosi chupa. Chai na mursik vingekuwepo, soda pia. Hiyo nyingine ilikuwa ya kuwaheshimu.

"Wewe ndiye unajua mambo ya town," baba akasema. "Hiyo ya wageni utajipangia."

Hizo pesa nilizijua. Zilikuwa mabaki ya bonasi ya Oktoba. Kwetu karibu na Litein mwaka hauanzi Januari, unaanza bonasi ikiingia. Kila mwezi kiwanda hukulipa kitu kidogo kwa kila kilo ya majani uliyopeleka, halafu Oktoba hesabu zikifungwa, kinakulipa kilichobaki. Hicho ndicho hulipa madeni, karo, mabati, na sasa koito. Na tangu niache chuo mwaka wa tatu, baba hakuwa amenituma tena na pesa inayozidi ya chumvi ya ng'ombe. Hakuna siku alinigombeza. Aliacha tu kunituma.

Kwa hivyo sikutaka tu kununua waini. Nilitaka kurudi na chenji.

Kazi yangu ni kuandikia watu makala za mtandaoni, nalipwa kwa idadi ya maneno. Mtu wa kazi hii ukimpa swali la bei hulala nalo. Mama alikuwa amehesabu wageni akasema chupa 18. Nikaanza kuuliza. Litein, ile waini nyekundu tamu ambayo kila mtu anaijua ilikuwa 1,200. Kericho mjini, supamaketi, 1,050. Rafiki yangu wa Nakuru akanipigia picha ya rafu: 950, lakini kuna nauli ya kwenda na kurudi. Kwa bei ya Kericho chupa 18 ni 18,900, na mimi nina 15,000. Ningepata 14 na chenji ya shilingi 300. Hiyo si chenji ya kumrudishia mtu imani.

Halafu kuna jamaa tuliyesoma naye shule ya msingi, siku hizi ni turnboi wa trela. Akaniambia, "Wewe unazunguka Nakuru ya nini? Vuka Sirari. Waini ya Dodoma ni shilingi elfu kumi ya huko. Hiyo ni soo tano yetu."

Nikaenda kusoma, kama kawaida yangu. Kumbe Dodoma, katikati ya Tanzania pale kwenye ukame, wanalima zabibu na kuzivuna mara mbili kwa mwaka. Wamisionari kutoka Italia ndio walioipeleka mizabibu kule, miaka ya 1950. Na serikali ya Tanzania hutoza ushuru mdogo sana kwa mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za nyumbani, ukilinganisha na ule wa nje, ili mkulima wa Dodoma apate mahali pa kuuza. Nilisoma hiyo sentensi mara mbili. Serikali iliyokaa chini ikamfikiria mkulima wa zabibu!

Nikasoma pia kwamba Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza 2005, na bidhaa iliyotengenezwa Tanzania haitozwi ushuru wa forodha ikiingia Kenya. Hapo nikafunga simu. Chupa 18 kwa 500 ni 9,000. Nauli kwenda na kurudi 1,600. Jumla 10,600. Ningemrudishia baba 4,400 mkononi. Usiku huo nilishaanza kupanga nitakavyozihesabu mbele yake, pole pole, noti moja moja.

Nilitoka alfajiri siku ya Jumanne. Kutoka Litein unapita Kapkatet, halafu Kaplong, hapo tayari uko Bomet. Sotik, kisha Chepilat, soko ambalo upande mmoja ni Bomet na upande wa pili ni Nyamira, na mtu asipokuambia huwezi kujua umevuka. Majani ya chai ni yale yale pande zote mbili za barabara. Keroka, Kisii, Rongo, Migori. Kaunti tano kwa matatu mbili. Kufika Isibania nilikuwa nimekaa sana hadi magoti yalikuwa yamesahau kazi yao.

Upande wa Sirari nilibadilisha pesa kwa 20, shilingi 9,000 zikawa 180,000. Kwa dakika chache nilikuwa tajiri. Duka lenyewe lilikuwa la mama mmoja mpole. Nikamwambia, "Nipe waini kumi na nane." Akatabasamu. "Karibu kaka. Shikamoo tumeiruka, sawa, tuanze na habari za safari. Unahitaji mvinyo mtamu au mkavu?" Nikaona aibu, nikamwamkia upya. Akazipanga kwenye maboksi, akaweka magazeti katikati zisigongane, akanifungia kamba.

Kwenye kituo cha mpaka afisa wa forodha alikuwa dada wa rika langu. Aliangalia maboksi, akaniangalia mimi.

"Hizi ni za biashara?"

"Hapana, madamu. Ni koito ya dada yangu."

"Hongera. Msafiri anaruhusiwa lita mbili za mvinyo."

Nikapiga hesabu. Chupa moja ni mililita 750. Mbili ni lita moja na nusu. Ya tatu inapita. Nikamwambia nilichosoma, kwamba bidhaa ya Tanzania haina ushuru. Hakunicheka. Akanieleza kama mtu aliyeeleza jambo hilo mara mia: ushuru wa forodha ni kitu kimoja, ushuru wa bidhaa ni kingine. Ule wa forodha ndio uliondolewa kati yetu. Ule wa bidhaa kila nchi inatoza wake, na pombe inayoingia Kenya inalipa sawa na ya Kenya. Tangu mwisho wa 2024 waini inatozwa shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya pombe kamili iliyomo. Chupa yangu ilikuwa asilimia 12, yaani sentilita tisa, yaani 202.50. Mara 16 ni 3,240. Juu yake VAT. Na hata nikilipa, chupa isiyo na stika ya ushuru ni shida popote itakapoonekana, na kuzileta nyingi namna hiyo kunahitaji vibali ambavyo mtu wa koito hana.

"Mbili unapita nazo sasa hivi," akasema. "Hizo zingine, amua."

Nilikaa chini ya mti na maboksi yangu karibu saa mbili. Huko hukosi washauri. Jamaa wa boda akaja, akachuchumaa kando yangu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna njia ya panya, dakika ishirini, elfu moja tu, tunakutana upande wa pili kwenye stendi. Nilimwangalia uso. Alikuwa na uso wa kawaida, wa mtu mwenye watoto. Elfu moja bado ilikuwa inaniacha na chenji ya 3,400.

Sikukataa kwa sababu mimi ni mwema. Nilikataa kwa sababu nilijaribu kutunga sentensi ya kumwambia baba kama yule jamaa angepotea na maboksi, na mimi ninayelipwa kwa maneno sikuipata.

Nilirudi dukani. Yule mama akasema pole kabla sijafungua mdomo. Akakubali kuchukua chupa 16, ila kwa 9,000 kila moja, maana boksi lilishafunguliwa na pesa ilishazunguka. Ilikuwa haki. Akanirudishia 144,000, na mbadilishaji pesa, ambaye asubuhi alinipa 20 kwa shilingi yangu, sasa akataka 21. Nikapata 6,850. Nilivuka mpaka na chupa mbili ndani ya begi la laptopu. Ukijumlisha nauli, kila moja ilinigharimu 1,875.

Nilibaki na 11,250. Kesho yake nikaenda Kericho, nauli nikajilipia mwenyewe, kwenye duka la jumla nyuma ya stendi. Nilikuwa nimechoka hata kujivunia siwezi. Nikamwuliza muuzaji tu, "Nikichukua katoni nzima ya kumi na mbili, utanifanyia ngapi?"

"Katoni? Mia tisa na ishirini kila chupa."

Hakufikiria hata sekunde. Bei hiyo ilikuwepo siku zote, mwendo wa chini ya saa moja kutoka nyumbani, na mimi nilikuwa nimepita kaunti tano na kuingia nchi nyingine kabla ya kuuliza swali hilo. Kwa bei ya katoni, 15,000 zangu zingenunua chupa 16. Nililipa 11,040. Nikabaki na shilingi 210.

Jioni nilimpa baba zile 210 na nikamweleza yote. Sikuficha hata ile ya boda. Alikuwa ameketi nje kwenye kiti cha plastiki, bado na gamubuti za shamba. Alizihesabu, noti mbili na sarafu, akaziweka kwenye mfuko wa shati. Nilingoja.

"Ulienda mpaka Tanzania kutafuta bei," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Mimi, weri, nimeuza majani miaka thelathini na sijawahi kumwuliza mtu bei."

Nilidhani amemaliza. Kisha akaniuliza kama nakumbuka mwaka wangu wa pili chuoni, mvua ya mawe ilipopiga majani. Nilikumbuka. Mama alinipigia simu akaniambia bonasi imeshuka kwa sababu ya mawe, nivumilie, karo imepatikana lakini nyumbani ni kwa shida. Mawe huku kwetu si habari. Kericho hunyeshewa mawe kama mahali pengine panavyopata upepo.

"Mawe hayakupiga shamba letu," baba akasema.

Aliuza soko huru. Ukiwa hutoki kwetu, soko huru ni wale wanunuzi wa lori wanaopita jioni wakilipa pesa taslimu kando ya barabara. Mkulima aliyesajiliwa na kiwanda hatakiwi kuwauzia. Kilo unazowapa haziandikwi kwenye namba yako, kwa hivyo Oktoba hazina bonasi. Lakini wanalipa leo, na karo yangu ilikuwa inadaiwa leo. Karibu miezi mitatu baba, mzee wa kanisa, alikuwa akipeleka gunia moja senta mchana na jingine barabarani giza likiingia. Bonasi iliposhuka, akamwambia mama ni mawe. Mama akaniambia mimi. Na mimi mwaka uliofuata nikaacha chuo.

Nilikuwa nimemfikiria kama mtu asiyejua kutafuta bei. Lakini atafute wapi? Zabibu ukizigeuza mvinyo, chupa inangoja rafuni. Majani ya chai ukishayachuma, majani mawili na chipukizi, yakikaa ndani ya gunia yanashika joto na kuharibika. Ni lazima yafike kiwandani siku hiyo hiyo, na kiwanda ni kile ulichosajiliwa. Bei yenyewe hutoka kwenye mnada wa Mombasa, kwa dola, kati ya watu ambao hatawahi kuwaona. Kila Oktoba redio ikitangaza bonasi, anasikia viwanda vya Kirinyaga na Murang'a, ng'ambo ya Bonde la Ufa, vikitajwa kwa bei inayotuacha mbali, na hawezi kubeba gunia akavuka. Mimi nilivuka na pesa yake kwa sababu pesa haioze. Mpaka wake yeye ulikuwa barabara iliyo nyuma ya senta, usiku, na aliuvuka kwa ajili yangu.

"Kwa nini unaniambia sasa?" nikamwuliza.

"Kwa sababu umeniambia ya boda."

Koito ilifika Aprili. Wakwe walikuja na magari matatu, wakaimba mlangoni, wakajibiwa. Wazee walizungumza ng'ombe na mbuzi mpaka saa tisa. Chupa 14 zilipangwa kwenye meza yenye kitambaa cheupe, zile mbili za Dodoma mbele kama wageni wa heshima. Zilinyweka saba. Wakwe wa mjini, kumbe, walikuwa wamekuja na hamu ya mursik. Mmoja aliomba ajaziwe kibuyu cha kwenda nacho. Kogo alionja kikombe kimoja cha Dodoma akasema ni dawa ya kifua.

Chupa saba zilizobaki ziko stoo, nyuma ya magunia ya mbolea, na baba amezifunika ili mchungaji akija asizione. Sijazigusa. Juzi alinituma Kericho na shilingi 6,000, kununua mifuko ya majani na gamubuti mpya. Hakuniambia nirudi na ngapi. Nilipofika dukani, kabla ya kitu kingine chochote, niliuliza bei ya nyingi.