Huyo Kafunga Mangapi?

Ukitaka kuanzisha ubishi Visiga, nenda kijiwe cha bodaboda kando ya Barabara ya Morogoro, useme mchezaji aliyeibeba Yanga ile ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 ni Khalid Aucho. Mimi nimesema likizo hii. Mzee mmoja aliyekaa juu ya pikipiki yake akanitazama kwa huruma. "Mwalimu," (ndivyo wanavyoniita tangu nianze kusomea ualimu) "huyo kafunga mangapi?"

Swali la haki. Fiston Mayele alimaliza mashindano yale akiwa mfungaji bora, magoli 7, na nchi nzima ikajifunza kutetema. Aucho hana staili ambayo mtoto wa darasa la pili ataiiga. Ukitaka kumwona, acha kuufuata mpira, mfuate yeye dakika kumi tu. Beki wa pembeni akipanda, Mganda huyo anasogea kuziba pengo. Mpira ukiokolewa vibaya, yupo pale unapodondokea. Akishaupata hana papara. Anageuka, anatoa pasi iendayo mbele, na shambulizi limeanza. Baada ya pasi tatu mtu mwingine anafunga, na kwenye karatasi jina la Aucho halipo.

Kwenye somo la upimaji na tathmini tunafundishwa kwamba kipimo lazima kipime kile kilichokusudiwa. Humpi mtu mtihani wa kuandika ili ujue kama anaweza kuogelea. Kumhesabia magoli kiungo mkabaji ni mtihani wa namna hiyohiyo. (Mnaotaka kuipeleka hoja hii kwenye GPA, subirini makala nyingine.)

Hata wenye pesa huwa wanapima vibaya. Mwaka 2003 Real Madrid walimnunua David Beckham, na kabla dirisha halijafungwa wakamwachia Claude Makélélé aende Chelsea. Madrid hawakuchukua tena ubingwa wa ligi yao mpaka 2007. Chelsea wakachukua wa Uingereza 2005 na 2006. Sisemi ni Makélélé peke yake, pesa za Abramovich na Mourinho nao walikuwepo. Ila angalia nani alilia na nani alicheka.

Sasa msinielewe vibaya, si kila mkimya ni lulu. Kuna namba sita wengine wako kimya kwa sababu wamejificha. Mimi huwatofautisha hivi: timu ikibanwa, anauomba mpira au anakaa nyuma ya mgongo wa adui asipewe? Na akipoteza, anarudi mbio au anaweka mikono kiunoni kumlaumu refa?

Kwangu huu si ubishi wa kijiwe tu. Mtaani kwetu kuna dogo wa miaka 17, sita halisi, anayekaba na kupanda. Wiki iliyopita kaniambia, "Kaka, nataka nihamie tisa. Kwenye majaribio wanaangalia anayefunga." Na hajakosea, mwaka jana walimpita wakachukua mshambuliaji aliyefunga mawili siku hiyo. Lakini nimemwona akicheza tisa. Ni wa kawaida mno, wa aina yake wapo kumi kila uwanja kuanzia hapa mpaka Mlandizi. Akihama, atakuwa ameacha kitu pekee anachowazidi wenzake.

Jumapili nikaenda uwanjani na daftari. Sikuandika magoli. Niliweka alama kila aliponyang'anya mpira, kila pasi yake iliyovuka mstari wa viungo wa wapinzani, na kila alipouomba mpira wakati wamefungwa. Ukurasa ulijaa kabla ya mapumziko. Nikauchana, nikampa.

Akausoma wote, akaukunja mara nne.

"Shukrani, kaka. Sasa hii nimwonyeshe nani?"

"Kocha wa majaribio."

"Atasoma?"

Majaribio ni Jumamosi hii. Mpaka jana jioni alikuwa hajaamua atajiandikisha namba gani.