Chipukizi wa Montreal na kijiprogramu changu

Leo naomba tuache kidogo mambo ya seva na simu mpya, tuongee michezo. Msiondoke, tarakilishi imo ndani, tena ndiyo iliyoniaibisha.

Mchezo wenyewe ni hoki ya barafuni. Najua, mtu wa Nairobi akianza habari za hoki ya barafuni watu humtazama kama aliyepigwa na jua. Lakini barafu tunaijua tangu mwaka 2005, ulipofunguliwa uwanja mdogo wa kuteleza kwenye hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Hapo ndipo vijana walipoanzisha timu ya Ice Lions. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada kucheza, na upande wao wakaongezewa Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, ambao kwa hoki ni sawa na kuamka asubuhi ukakuta Messi yuko kwenye timu yako ya mtaa. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la dunia kama mwanachama mshiriki. Mimi mwenyewe vile viatu vya makali nimevivaa mara mbili tu. Mara ya pili niliondoka na goti limevimba kama andazi, na tangu siku hiyo mimi ni mtazamaji.

Aliyeniambukiza ugonjwa huu ni binamu yangu anayeishi Montreal. Huko timu ya Canadiens si timu tu. Chukua Gor na Ingwe, waunganishe wawe kitu kimoja, halafu useme mji mzima hauna mwingine wa kushangilia. Wana mataji 24 ya Stanley, na la mwisho ni la mwaka 1993. Mwaka 2021 walifika fainali wakafungwa na Tampa Bay. Msimu uliofuata wakashika mkia katika ligi nzima.

Sasa, kushika mkia kule kuna faida yake. Kila mwaka timu za ligi ya NHL huchagua vijana wa miaka 18 mmoja baada ya mwingine, na timu mbovu hupewa nafasi nzuri katika bahati nasibu ya nani aanze. Utaratibu huo unaitwa drafti (si ile ya vifuniko vya soda). Montreal wakapata nafasi ya kwanza, kwa mara ya kwanza tangu 1980, na sherehe yenyewe ikafanyika nyumbani kwao, ukumbi wa Bell Centre, tarehe 7 Julai 2022. Huku kwetu ilikuwa saa nane usiku wa kuamkia tarehe 8. Nilikuwa macho. Kesho yake nilikuwa na kazi.

Mashabiki wengi walikuwa wamemngoja Shane Wright. Huyu ni kijana wa Ontario ambaye akiwa na miaka 15 aliruhusiwa kuingia ligi ya vijana mwaka mmoja kabla ya wenzake, akapachika mabao 39 katika mechi 58. Msimu uliofuata ligi yake haikuchezwa kabisa kwa sababu ya korona. Aliporudi akapata pointi 94 katika mechi 63. (Katika hoki ukifunga bao unapata pointi, na ukitoa pasi iliyozaa bao unapata pointi vilevile.) Jina lililoitwa, hata hivyo, lilikuwa la Juraj Slafkovský, Mslovakia wa urefu wa zaidi ya mita 1.9, aliyekuwa akicheza Finland. Ukumbi ulishtuka. Wright akaporomoka hadi nafasi ya nne, akachukuliwa na Seattle.

Simu yangu ikalia. "Kaka, tumepigwa."

Ili uelewe neno hilo lazima ujue kilichotokea 1980. Mwaka huo pia Montreal walichagua wa kwanza, pia wakiwa nyumbani, na kijana aliyelelewa mjini humo, Denis Savard, alikuwa palepale. Wakamwacha. Wakamchukua Doug Wickenheiser. Savard akaenda Chicago na kuwa mmoja wa wakubwa wa zama zake, hadi kuingizwa katika Ukumbi wa Heshima. Wickenheiser hakuwa mbovu, alicheza mechi 556 katika ligi ile, lakini Montreal walimwondoa Desemba 1983 na mashabiki hawakumsamehe kosa ambalo hakulifanya yeye. Nani alijichagua?

Upande wa pili wa mizani yuko Guy Lafleur, chaguo la kwanza la mwaka 1971. Misimu yake mitatu ya mwanzo alipata pointi 64, kisha 55, kisha 56, huku Marcel Dionne, aliyechaguliwa wa pili na Detroit, akiwa ameanza na 77. Watu wakanung'unika kwamba timu imeingizwa mjini. Msimu wa nne Lafleur akapata 119, na baada ya hapo hakuna aliyemkumbusha habari za Dionne. Lafleur alifariki Aprili 2022, hata miezi mitatu haikuwa imetimia kabla ya usiku ule wa drafti. Kwa hiyo shabiki wa Montreal alipomtazama Slafkovský alikuwa anaona vizuka viwili kwa wakati mmoja, na hajui yupi ndiye.

Hapo ndipo nilipojitia ujuaji. Binamu analia, mimi nina tarakilishi. Wikendi moja nikaandika kijiprogramu cha kutabiri.

Mbinu yenyewe si yangu, wachambuzi wa hoki wameitumia kwa miaka mingi. Ligi hazilingani, hivyo pointi ya kila ligi unaipa uzito. Unaangalia wachezaji waliohama kutoka ligi fulani kwenda NHL, unaona walibaki na sehemu gani ya pointi zao, na sehemu hiyo inakuwa kizidishi. Ligi kuu ya Finland niliipa 0.44. Slafkovský alikuwa amepata pointi 10 katika mechi 31. Gawanya, zidisha, tandaza kwenye msimu wa mechi 82, unapata pointi 11 na ushee. Nikakaza kuwa 12. Wright, kwa kizidishi cha ligi yake, alitoka mara mbili na zaidi ya hapo.

Nikamjibu binamu: "Hata mashine imekubali mmepigwa. Pointi 12."

Mtu akiona namba imetoka kwenye skrini huacha kuuliza imeingiaje. Hebu tuulize. Kwanza, mechi 31 ni kidogo mno, mabao mawili tu yaliyogonga mwamba yangebadilisha jibu lote. Pili, yule mtoto alikuwa na miaka 17 na alikuwa anacheza na wanaume wazima wenye ndevu na mikopo ya nyumba, ilhali Wright alikuwa anacheza na vijana wa rika lake. Tatu, dakika za kuwa uwanjani sikuziweka kabisa, na mtoto katika timu ya watu wazima haachiwi dakika nyingi. Nne, na hili ndilo linaloniuma, kulikuwa na mstari kwenye msimbo wangu unaotupa mashindano yenye mechi chini ya 10, eti ni kelele tu. Mstari huo ulitupa Olimpiki ya Beijing ya Februari 2022, ambako Slafkovský alifunga mabao 7 katika mechi 7, Slovakia ikapata shaba, naye akatajwa mchezaji bora wa mashindano. Wachezaji wa NHL hawakwenda Beijing, kweli. Hata hivyo nilitupa mabao 7 na kubakiza kumi za Finland, halafu nikaiita hiyo sayansi.

Msimu wake wa kwanza ukaonekana kunipa haki. Mechi 39, mabao 4, pasi 6. Pale barafuni alikuwa anagongwa kama mtu anayesoma ujumbe kwenye simu katikati ya Tom Mboya. Binamu na wenzake wakagawanyika: wengine walitaka apelekwe Laval, kwenye timu ya chini, akue taratibu, wengine wakasema abaki. Kocha Martin St. Louis akambakisha. Na huyo kocha ana kisa chake, maana alipokuwa kijana hakuna timu hata moja iliyomchagua kwenye drafti, walisema ni mfupi. Mwaka 2004 akawa kinara wa pointi wa ligi, mchezaji bora wa ligi na bingwa wa Stanley, yote mwaka mmoja. Januari 2023 Slafkovský akaumia goti, msimu ukaishia hapo.

Machi ya mwaka huo huo kazini tulikuwa na wanagenzi watatu, na mimi ndiye niliyetakiwa kusema nani apewe mkataba. Nilikuwa bado na ulevi wa namba. Nikavuta kumbukumbu za kazi zao: nani amefunga tiketi ngapi, nani ameandika mistari mingapi. Wawili walikuwa juu. Wa tatu, kijana mpole wa miaka 20, alikuwa chini kabisa, hata nusu ya wenzake hakufika. Nikaandika kwenye fomu "hajafikia kiwango." Akatuaga vizuri, akaturudishia hata chaja.

Wiki tatu baadaye sehemu ya mfumo inayolinganisha malipo ya simu na ankara ikaanza kuacha miamala njiani. Sehemu hiyo imeandikwa na watu walioondoka zamani, hakuna anayependa kuigusa. Nikafungua historia ya mabadiliko nione nani aliigusa mwisho. Ni yule kijana. Miezi miwili yote nilikuwa nimemwacha huko peke yake, na wenzake nimewapa kurasa mpya za kupaka rangi. Alikuwa amerekebisha makosa kumi na moja ambayo sisi wakubwa tuliyakwepa kwa miaka, na kila rekebisho ameliandikia maelezo safi. Tiketi kumi na moja. Kwenye jedwali langu zilikuwa kumi na moja tu.

Nilimpigia. Alikuwa ameshapata kazi kwingine. Nikamweleza nilivyokosea, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa mkubwa, hakuna shida." Kila Mkenya anajua "hakuna shida" ya namna hiyo ina shida ndani. Sikuwa na la kuongeza. Nilimwandikia barua ya kumpendekeza ambayo hakuniomba, na sijui kama aliwahi kuitumia.

Turudi barafuni. Msimu wa pili, 2023-24, Slafkovský alianza polepole tena, na binamu akawa anaandika maneno ambayo siwezi kuyaweka hapa. Kisha akawekwa safu moja na Nick Suzuki na Cole Caufield, mambo yakafunguka. Akamaliza mechi zote 82 akiwa na mabao 20 na pasi 30. Pointi 50. Tarehe 1 Julai 2024 akapewa mkataba wa miaka minane, dola milioni 7.6 kwa mwaka. Siku hiyo nikapokea ujumbe wenye swali moja: "Mashine bado inasema 12?"

Lakini nami naomba nijitetee kidogo. Waliokuwa wakishangilia nao hawakuwa na ushahidi mzuri kuliko wangu. Mwaka 1993 Alexandre Daigle alikuwa na pointi 137 katika mechi 53 za vijana, Ottawa wakampa mkataba wa zaidi ya dola milioni 12 kabla hajacheza hata mechi moja ya ligi, na kila mtu alikuwa na uhakika. Akamaliza maisha yake ya hoki na pointi 327 kwa mechi 616, si haba kwa mtu wa kawaida, ila yeye hakuuzwa kama mtu wa kawaida. Aliyechaguliwa nyuma yake, Chris Pronger, yuko katika Ukumbi wa Heshima. Na Wright naye hajapotea, msimu wa 2024-25 aliipatia Seattle pointi 44 huku Slafkovský akipata 51. Hesabu ya 2022 bado haijafungwa.

Nimekiandika upya kijiprogramu. Sasa kinazingatia umri kwa miezi, mashindano mafupi kinayapunguzia uzito badala ya kuyatupa, na hakitoi namba moja, kinatoa masafa. Aprili 2025 Montreal walimleta Ivan Demidov, Mrusi waliyemchagua wa tano mwaka 2024, akitoka St. Petersburg na pointi 49 katika mechi 65. Usiku wa mechi yake ya kwanza binamu akaniuliza mashine inasemaje. Nikamjibu: msimu kamili wa kwanza, kati ya pointi 30 na 80.

"Kaka, hiyo hata mama mboga wa hapo kwenu angeniambia bila kompyuta."

Nikamwambia kipindi cha kwanza tu mtoto ameshapata bao moja na pasi moja, atulie tuangalie. Ilikuwa inakaribia saa tisa usiku, na kazi ilikuwa ikiningoja asubuhi kama kawaida.